Pembe Usiitie Maji

Kabla ya kugusa kitu chochote, weka mikono nyuma. Simama mbele ya kile ulicholetewa, shika mkono mmoja kwa mwingine mgongoni, utazame kwa robo saa nzima. Utajiona mjinga. Wenzako watapita na toroli wakuulize kama unasubiri kupigwa picha ya pasipoti. Waache wapite. Kitu kikishaguswa hakirudi kuwa kile ambacho hakikuguswa, na wewe ndiye utakayeulizwa kilikuwaje.

Nawaandikia ninyi wanne mnaolala nami chumba hiki cha mtaa wa Naif, mlioanza kazi kwenye mastoo ya bandari ya Jebel Ali mwaka huu, na mnaorudi jioni mkilalamika kwamba kufunga maboksi si kazi ya mtu aliyemaliza kidato cha nne. Mimi Esta, mnayeniita Mathe, nimeifanya miaka kumi na tisa. Visa yangu imeshafutwa kwa sababu ya umri, nimekatiwa keki, nimepewa saa ya ukutani inayochelewa, na sasa nasubiri tarehe ya tiketi ya kurudi Kirinyaga. Kitanda cha chini karibu na dirisha kitabaki wazi. Msikigombanie, mpeni yule anayekohoa.

Nilikuja hapa kufagia. Stoo yetu ilikuwa ya vitu vya wenye nacho: picha za kuchora, mazulia, vyombo vya kauri, saa za kale. Wakihama, tunafunga. Wakirudi, tunafungua. Wakiachana, tunahifadhi mpaka mahakama iseme nani achukue nini. Nilifagia miaka miwili, kisha mfungaji mmoja akaumia mgongo, sir, bosi wetu, akauliza nani hapa ana vidole vyepesi, na mtu akanisonta. Nimekulia kwenye mashamba ya kahawa, na anayejua kuchuma hutoa tunda jekundu katikati ya mabichi bila kuyatikisa. Nilijaribiwa kwa vikombe arobaini vya chai. Nilivunja kimoja. Yule wa mgongo, waliniambia, alivunja vitatu siku yake ya kwanza, kwa hiyo nikapewa aproni.

Msidhani nilianza vizuri. Mwaka huo huo nilifunga picha kubwa ya farasi kwa ile nailoni ya mapovu, mapovu yakitazama ndani. Ikakaa kwenye kontena mwezi wa saba, na ninyi mnalijua joto la Jebel Ali la mwezi wa saba. Tulipoifungua, farasi alikuwa na surua mwili mzima, duara kwa duara. Mapovu hutazama nje, na kati yake na rangi hukaa karatasi laini isiyo na asidi. Zamani tulitumia magazeti. Mkikuta sahani ya kale ina kichwa cha habari cha Kiurdu nyuma yake, kimeandikwa kinyumenyume, hiyo ni kazi yetu.

Kingine. Tuliwahi kupeleka maboksi Al Ras, kwa mfanyabiashara wa viungo aliyenunua taa za kioo, na mpagazi mmoja mtu mzima akagoma kuyabeba. Hakueleza. Aliegesha toroli yake, akakaa juu yake, akaanza kuhesabu tasbihi. Ilituchukua saa nzima kugundua kwamba ule mchoro wa glasi yenye mguu kwenye maboksi, ambao maana yake ni kuwa kitu hiki kinavunjika, yeye aliusoma kuwa ni pombe. Wala hakukosea kusoma, maana glasi ile kweli ni ya mvinyo. Tukabandika karatasi juu ya kila glasi, akabeba yote bila neno. Nawaambia hili kwa sababu ajali nyingi nilizoziona katika kazi hii hazikuletwa na mikono. Zililetwa na mtu kusema jambo moja na mwenzake kusikia jingine, wote wawili wakiwa sawa.

Aliyenifundisha kusafisha vitu ni Mzee Suleimani, Mzanzibari wa familia iliyohamia huku kabla yeye hajaota ndevu. Meza yake ilikuwa nyuma kabisa ya stoo. Alikuwa na taa yenye kioo cha kukuzia, redio iliyosema Kiarabu polepole, na brashi ambazo nyingine zilikuwa na nywele tatu tu. Hakuwa mtu wa hasira. Ukikosea alisema, “Haya,” kisha akanyamaza, na hiyo haya yake ilinichoma kuliko matusi ya sir.

Mikono nyuma ni sheria yake. Mate pia ni sheria yake. Picha ya rangi za mafuta iliyoshika vumbi husafishwa kwa mate: unazungushia pamba kwenye kijiti, unailowesha ulimini, unaiviringisha juu ya rangi bila kusugua, unaitupa, unachukua nyingine. Siku hiyo hunywi kahawa. Mtanicheka, lakini hata wataalamu waliokuja kutoka Ulaya na masanduku ya dawa niliwaona wakilowesha pamba ulimini, wakijificha kidogo.

Mimi na Mzee tulielewana kwa kila kitu isipokuwa Kiswahili. Yeye alizaliwa ndani yake, mimi nilifundishwa shuleni kwa fimbo. Nikisema “vitu hizo” alifumba macho mpaka nimalize. Yeye akisema, “Nipe hicho kijaluba,” nilimpelekea nyundo. Baada ya miaka kadhaa nilijua kuwa kijaluba ni kikopo kidogo cha kufunika, na yeye alijua kuwa nikisema sawa si lazima niwe nimeelewa. Angalijua hilo mapema, nisingekuwa na la kuwaandikia leo.

Sasa niwaambie kuhusu ile picha.

Mwenyewe alikuwa madam mmoja Mwingereza, mjane, ambaye mume wake alikuwa injinia wa bandari na akafia huku. Alikaa Jumeirah kwenye nyumba ya zamani ya chini, peke yake na paka. Nilikwenda kuichukua picha na Mutua, dereva wetu. Madam alituletea kasha la ngozi la mraba, limechubuka, ndani limewekewa mahameli, na katikati ya mahameli kulikuwa na picha ya umbo la yai ambayo ningeweza kuifunika kwa kiganja. Fremu yake ya dhahabu, mbele kioo kilichobinuka. Ndani yake kijana amevaa koti la bluu lenye vifungo vya dhahabu.

Kijana huyo alikuwa luteni wa jeshi la majini, enzi za meli za matanga na mizinga. Aliuawa vitani akiwa na miaka ishirini na miwili na akatoswa baharini, kwa hiyo hana kaburi. Picha hiyo alikuwa amemwachia dada yake kabla ya kusafiri. Dada akampa binti yake, binti akampa binti yake, ikaja hivyo mpaka kwa madam. Hakuna sura nyingine ya mtu huyo popote. Madam hakujaliwa mtoto.

Aliigeuza akatuonyesha mgongo wake. Chini ya kioo kingine kulikuwa na nywele za kahawia zimesukwa vizuri. Mutua akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mathe, hizo ni za nani?”

“Za huyo huyo.”

“Wa kufa?”

“Ndiyo.”

“Mimi sishiki hiyo kitu. Utakaa nayo huko nyuma.”

Nikakaa nayo kiti cha nyuma mpaka Jebel Ali, na Mutua hakuwasha hata muziki.

Shida ya picha ilikuwa kioo. Kilikuwa kinalia. Ndivyo Mzee alivyosema, kioo kinalia. Kioo cha kale ambacho hakikupikwa vizuri hutoa matone madogo upande wa ndani, yananata, yanaongezeka mwaka hadi mwaka mpaka hakuna kinachoonekana. Sura ya luteni ilikuwa nyuma ya ukungu. Picha tulizompiga kwa simu zilionyesha bluu chini na waridi juu, basi. Madam mwenyewe alimwona wazi mara ya mwisho akiwa msichana mdogo, kwa bibi yake. Na sasa jicho lake moja lilikuwa limekufa na la pili linafifia.

“Daktari amenipa miezi,” alituambia. Kisha akaona nyuso zetu. “Si ya kuishi. Ya kuona. Nataka nimwone vizuri mara moja, nikiwa nimemshika mkononi. Baada ya hapo macho yaende yanakotaka.”

Hiyo ndiyo kazi tuliyopewa. Kumpa mtu mmoja sura moja kabla hajapofuka.

Ilikuwa Ijumaa. Mzee alikuwa ameshatawadha, anatafuta kofia yake aende msikitini, akaona nimekaa bure. Akaniwekea picha mezani. Sikuwahi kufungua picha ya aina ile, lakini nilikuwa nimefungua mamia ya aina nyingine, na aliniamini.

“Esta, ifungue taratibu. Kioo kitie maji utakavyo, kioshe mpaka kinyamaze. Lakini pembe usiitie maji. Hata tone.”

“Sawa, Mzee.”

Akaenda zake.

Nikaangalia pembe. Mimi niliyesoma Kirinyaga, pembe ni ya ng'ombe, au ni ile ya darasa la hesabu, kona. Picha ilikuwa ya umbo la yai. Haikuwa na kona hata moja. Lakini kasha lake la ngozi lilikuwa na kona nne, na zote nne zilikuwa zimechubuka hivi kwamba maji yangezimaliza. Nikasema Mzee ana akili sana, ameliona hilo kabla yangu. Nikalisogeza kasha mbali kabisa, mwisho wa meza, lisirukiwe hata na chafya.

Nilifungua fremu kwa ukucha na upande wa kisu cha mfupa. Kioo kikatoka. Na luteni akatokea.

Nilimtazama, mikono nyuma. Lakini sikumtazama robo saa. Nilimtazama dakika saba hivi, kwa sababu nilitaka Mzee akirudi akute imekwisha anisifu. Nikakiosha kioo, kikanyamaza, nikakiweka kikauke. Kisha nikaona kwenye mdomo wake wa chini kuna alama nyeupe, iliyodondoka kutoka kwenye matone ya kioo na kukaukia pale. Nikazungusha pamba kwenye kijiti. Sikuchukua maji, kwa kuwa mate ni bora. Nikaiviringisha mara moja, nyepesi kabisa, kama nilivyofundishwa.

Pamba ikatoka na waridi. Nikafikiri, kumbe alikuwa mchafu hivi. Nikachukua pamba nyingine, nikaiviringisha tena.

Niliposogeza taa, mdomo haukuwepo. Kulikuwa na pua, kulikuwa na kidevu, na katikati yake mahali safi, peupe kama meno. Mdomo wake wote ulikuwa kwenye pamba zangu mbili. Nilizitazama kwa muda mrefu, na sikuzitupa.

Mzee aliporudi alisimama, akaweka mikono nyuma, akainama. Akakaa hivyo mpaka nikatamani anipige.

“Nimekwambia pembe usiitie maji.”

“Sikuitia, Mzee. Kona zote nne ni kavu. Angalia mwenyewe.”

“Kona zipi?”

Nikamwonyesha kasha kule mwisho wa meza. Akalitazama kasha, akanitazama mimi, akavua kofia, akakaa.

“Pembe ya ndovu, mwanangu,” alisema. “Picha imechorwa juu ya pembe. Imekatwa nyembamba, imepakwa rangi za maji. Ndiyo maana ina mwanga ule usoni. Nikisema pembe, ni nini tena?”

“Kwetu ni kona.”

“Ningetaka kona ningesema usizitie. Kona ni nne. Nimesema usiitie. Moja.”

“Mzee, mimi ni wa Kirinyaga. Hiyo i na hiyo zi kwetu ni kitu kimoja.”

Nilisubiri ile haya yake, haikuja. Akasema, “Basi mimi nimesema cha kwetu na wewe umesikia cha kwenu. Nusu yangu, nusu yako.” Mpaka leo sijui mtu mwingine mwenye cheo chake ambaye angejichukulia nusu.

Sir hakuwa na nusu. Alikuja, akatazama, akasema, “Khalas, yameisha. Suleiman, chora mdomo, funga, Jumatatu ipelekwe. Mama mwenyewe haoni.” Kisha akanigeukia. “Akigundua na akilalamika, wewe unarudi kwenu. Visa yako ni yangu. Sitaki maneno na wateja.”

Nilikuwa na mtoto wa mwisho chuoni mwaka huo. Sitajifanya kuwa nilimfikiria madam kwanza. Nilimwambia Mzee, “Chora.”

“Mdomo wa nani nichore?” akauliza. “Mimi sikuuona. Umeuona wewe peke yako.”

Basi akachukua karatasi na penseli, nikaanza kumweleza. Alichora wa kwanza, nikasema sivyo. Wa pili, sivyo. Wa tatu, wa nne. Mzee alikuwa na mkono ambao ungeweza kuchora nzi akaruka, lakini kila mdomo aliochora ulikuwa umenyooka, umefungwa, una msiba.

“Huyu ana huzuni,” nikamwambia. “Yule hakuwa na huzuni.”

Akaweka penseli chini. “Mkono wangu unajua kwamba kafa,” alisema. “Kila nikimchora, namchora maiti. Yule aliyemchora mwanzo hakujua.”

Redio ikasema habari za barabara.

“Naweza kuweka wowote,” akaendelea. “Bibi yule hatajua. Ndiyo taabu yenyewe, Esta. Angekuwa na macho, ningekwambia tuchore, akatae mwenyewe. Lakini hana. Tutamchagulia mtu wake, na yeye atamkumbatia huyo tuliyemchagulia.”

Hakuniambia nifanye nini. Aliifunga picha na kioo chake safi, bila mdomo, akaiweka kwenye kasha, akalisukuma upande wangu. Nilikuwa na siku mbili. Niliogopa kurudi nyumbani mikono mitupu, na niliogopa uso wa yule mama, na siku zote mbili nilizipima hofu hizo. Ya kwanza ilikuwa kubwa zaidi. Sitawadanganya. Kilichonishinda ni vile vijiti viwili vya pamba, nilivyokuwa nimevificha kwenye droo yangu. Nilijua kuwa nikitulia kimya, nitavihifadhi maisha yangu yote.

Jumatatu nilimwambia Mutua anisubiri nje.

Madam alikuwa amejiandaa. Alikuwa amevaa shanga, na mezani alikuwa ameweka taa na kioo kikubwa cha kukuzia chenye mpini. Nikamwambia kabla hajafungua kasha. Nilimwambia neno lilikuwa gani, nilivyolisikia, na nilichofanya kwa mate yangu. Kwa Kiingereza hadithi ya pembe haichekeshi hata kidogo, ilinibidi kuieleza mara mbili. Nilimwambia pia kwamba Mzee anaweza kuuchora mwingine na yeye asingeutambua.

Alifungua kasha, akamtoa, akamleta karibu na jicho lake zima mpaka pua yake ikagusa kioo. Alianza juu. “Nywele zake zina mawimbi,” akasema, kama anayejisomea. “Macho ni ya kijivu. Miaka yote nimesema ni ya bluu.” Akashuka taratibu. Pua. Nilimwona alipofika. Mkono uliacha kusogea.

“Nimekukasirikia sana,” alisema.

“Ndiyo, madam.”

“Sitaki uombe radhi. Nataka nikae nimekasirika.”

Akakaa amekasirika. Paka akaja akalala juu ya kiatu changu, nami sikuthubutu kumsogeza. Nilikuwa nimeshajiambia nitaanza kufunga mizigo siku ile ile.

“Uliuona?” akaniuliza mwishowe.

“Ndiyo, madam.”

“Bila kioo? Wazi?”

“Wazi. Dakika saba.”

“Niambie.”

Nikamwambia. Sikupamba, maana mtu aliyezoea kuandika hali ya vikombe kwenye fomu hapambi. Nilisema kilichopanda na kilichobanwa, upande gani. Nilipomaliza alikuwa ameshaiweka picha mapajani.

“Nilikuwa na miaka saba,” alisema. “Nilimwambia bibi yangu kuwa huyu anazuia kicheko. Bibi alinitoa chumbani. Alisema nimemvunjia heshima marehemu, kwamba ule ni uso wa mtu aliyejua kwamba hatarudi. Mama yangu alisema hivyo hivyo. Basi nami nikasema hivyo kwa miaka sabini na zaidi, kwa kila aliyeniuliza.” Akapangusa jicho, lile lililokufa. “Kumbe nilikuwa nimeona.”

Nilimuuliza kama tuuchore.

“Hapana. Atauchora nani? Wote wanajua alivyokufa.” Akafunga kasha. “Uachwe hivyo. Tunajua wawili.”

Sir alipokea barua ya madam wiki iliyofuata. Iliandikwa mistari miwili: kwamba picha imefika, na kwamba kioo kimesafishwa vizuri sana. Aliibandika ukutani.

Toka siku ile Mzee Suleimani hakuwahi kusema pembe peke yake tena. Alisema “pembe ndovu” na “pembe kona”, hata akiniagiza tu niweke kiti kwenye pembe kona ya chumba, na wageni walidhani ni lugha ya kwao Unguja. Mimi nami niliacha kusema sawa. Mkiona kwenye fomu zetu pale juu pameandikwa “Kimetengenezwa kwa kitu gani?”, mstari huo niliuomba mimi, na msiujaze kwa kubahatisha. Na mtu akikupa maagizo, mrudishie kwa maneno yako mwenyewe kabla hajaondoka. Usirudie ya kwake, sema ya kwako. “Yaani, Mzee, nisiweke maji kwenye kona za kasha?” Sekunde tatu tu. Najua mnanicheka kwamba hata nikitumwa chumvi dukani nauliza mara mbili. Chekeni, lakini mniige.

Siku hizi mna tableti, mna picha zinazokuza unywele mpaka unakuwa kamba, na hakuna anayetumia mate mbele ya kamera. Ni vizuri. Ila mashine hupiga picha ya kilichopo. Kilichokuwepo asubuhi kabla hujakigusa, hicho kiko kwako.

Madam alikuwa akiniita mara mbili kwa mwaka, eti nikabadilishe vile vifuko vya kunyonya unyevu ndani ya kasha. Nilivibadilisha. Kisha alikaa na picha mapajani na kusema, “Haya, niambie.” Nami nilimwambia, upande uliopanda na uliobanwa, maneno yale yale, maana nilipobadilisha neno alinisahihisha. Jicho lilifunga mwaka wa pili. Aliendelea kuniita. Nilimpenda, nadhani hilo naweza kulisema sasa kwa kuwa sifanyi tena kazi kwa mtu.

Alifariki mwaka juzi. Picha alirithi mtoto wa binamu yake huko Uingereza, mtu muungwana aliyejaza karatasi zote za pembe ya ndovu, maana siku hizi kipande chembamba kama kile kina vibali vingi kuliko mimi. Nilimweleza kwa simu kuhusu mdomo. Alishukuru, akasema kuna fundi mzuri sana anamfahamu. Baada ya miezi kadhaa akatuma picha ofisini, kwa adabu, tuone kazi ilivyokuwa safi. Ilikuwa safi kweli. Mdomo umenyooka, umefungwa, wa mtu aliyejua kwamba hatarudi.

Niliituma Unguja, alikorudi Mzee Suleimani, ambaye naye sasa macho yamechoka na wajukuu humsomea simu. Alinijibu kwa sauti. “Haya,” alisema. Kisha, “Hapo ndipo alipokufa.”

Kwa hiyo nimebaki mimi. Tiketi ikitoka wiki hii au ijayo, nitakuwa Kirinyaga kati ya watu ambao bahari wameiona kwenye kalenda tu, na sitaanza kuwasimulia luteni. Ninyi ndio mlioko hapa, na mmesoma mpaka hapa. Mikono nyuma, basi, na msikilize. Mdomo wa juu ulikuwa mwembamba, wa chini umejaa kidogo. Kona ya kulia ilikuwa imebanwa, kama mtu aliyeambiwa atulie. Ya kushoto, kushoto kwenu mkimtazama, ilikuwa imeshaanza kupanda. Nimesema kona.